Koo Lenye Hati

Siku niliyokatwa shilingi mia tisa kwa kumwamkia mama mkwe ndiyo siku niliyoamua kwenda kudai koo langu.

Mama mkwe alikuwa ametoka Kilosa na kuku wawili na maswali mengi. Alikaa sebuleni kwangu, Kihonda, akinyoosha miguu. Nikasema, "Shikamoo mama, pole na safari, za Kilosa, mvua zimenyesha huko?"

Simu ikalia mfukoni. Ting, ting, ting.

Maneno saba ya kwanza ya kila mazungumzo ni bure. Sheria inayaita maneno ya adabu. Kuanzia la nane unalipa mia tatu kwa kila neno, na mimi nilikuwa nimetaka kujua habari za mvua. Basi nikabana pua na kuendelea kwa sauti ya paka aliyekanyagwa mkia, nikimuuliza habari za shamba, za wajukuu, za goti lake.

Mama mkwe akamgeukia mke wangu. "Huyu mwenzio amepatwa na nini?"

"Anabana matumizi, mama," mke wangu akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye mchele.

Sikio halibagui sebule na jukwaa. Limo ndani ya kila simu nchini, linasikiliza, na likisikia sauti yenye hati linamkata aliyeitumia na kumpelekea mwenye hati. Sauti yangu ina hati. Tatizo ni dogo tu: hati si yangu.

Na ninayekuambia haya ni Zeno Mkude. Kwa miaka ishirini na mbili nilitafsiri filamu kwenye kibanda umiza cha Mafiga: mabati, TV moja, viti vya plastiki, na mimi pembeni na maiki. Wakorea wanauana kwa Kikorea, mimi nawaeleza watu wa Morogoro kwa nini wanauana. Kikorea chenyewe sikijui hata salamu. Diski nilinunua kwa mtu wa kona, zimekwaruzika, nyingine zinagoma kabla filamu haijaisha. Picha inaganda, watu wameshalipa kiingilio, ufanyeje? Unaongea mpaka shujaa afike nyumbani.

Kisha wezi wakanirekodi mimi, wakaniuza kwenye flashi kwa bei ya andazi. Niliumia kama vile mimi sijawahi kununua diski kona. Ilipokuja hoja ya Sheria ya Sikio nikaandamana kuidai, bango juu: MWIZI WA SAUTI AFUNGWE. Tukashinda! Sheria ilisema anayesajili kwanza ndiye mwenyewe. Sisi waandamanaji tukaenda kusherehekea, tukachinja mbuzi. Kampuni ya Sauti Tele haikuchinja kitu. Ilienda dirishani kusajili, na flashi zangu mkononi.

Sasa natangaza sumu ya panya stendi ya Msamvu. Nawaambia wagonjwa wa meno wafungue kinywa. Nipo kila mahali, isipokuwa mdomoni mwangu.

*

Lifti ya Idara ya Chimbuko ilinikaribisha kwa sauti yangu. "Tafadhali usiegemee mlango." Nikauegemea, kwa hasira.

Ghorofa ya tatu alikuwapo ofisa kijana, Rehani Kobelo, miwani puani, faili langu mezani. "Shikamoo mzee. Ndani ya chumba hiki Sikio limezimwa. Ongea unavyotaka."

"Marahaba mwanangu," nikasema, na sauti yangu ikanitoka nzito na pana, kama mtu anayevua viatu vilivyombana tangu asubuhi. Nilitamani kuimba.

"Habari za asubuhi," nikasikia nikisema. Lakini mdomo wangu ulikuwa umefungwa.

Juu ya meza palikuwa na kisanduku cheusi kinachotosha kiganjani. "Naiwakilisha Sauti Tele," kikasema. Ilikuwa sauti yangu ya miaka thelathini, kabla ya kikohozi na kabla ya madeni. "Mheshimiwa, kabla hatujaanza, tunaomba ieleweke kwamba mzee huyu anatuiga, na anatuiga vibaya."

"Mimi nakuiga wewe?"

"Umesikia mwenyewe, mheshimiwa. Imekwaruza."

Rehani akagonga meza kwa kalamu. Akachukua flashi yangu ya zamani, niliyoitunza kwenye kopo la kahawa, akaitia kwenye Chujio. Ukikiona chombo hicho utadhani ni sufuria la umeme la kupikia wali, ila kazi yake ni nyingine: kinachukua kelele yote ya siku zile na kuichekecha, kila sauti inabaki peke yake, kisha kinaionyesha ukutani kama uzi wa mwanga. Mvua juu ya mabati, uzi wa kijivu. Watu wanaokohoa, nyuzi za kijani. Kinajua ipi ilianza na ipi ilifuata, hadi nusu ya pumzi. Chimbuko likithibitika hapo, usajili wa dirishani unafutwa.

"Hawa wa nyuzi za buluu ni nani?" Rehani akauliza.

"Wenye filamu. Waigizaji."

"Uliwalipa?"

"Mwanangu, sikujua hata wanaishi wapi."

"Nimeuliza kama uliwalipa."

Kisanduku kikacheka kicheko changu, kile cha jambazi aliyepata sanduku la fedha.

"Hapana," nikasema.

Akaandika. "Wao hawajaleta madai. Sisemi haitakuja siku yao. Tuendelee."

Uzi wangu ukatokea, wa njano, mnene. Nilijiona ukutani nikajisikia fahari. Kisha, pembeni kabisa, karibu na mlango wa kibanda, ukachomoza uzi mwekundu mwembamba, na chumba kizima kikasikia mwanamke akiita kwa mbali: "Ya moto hiyoo, usiguse!"

Nusu pumzi baadaye nikafuata mimi kwenye maiki, nikinguruma, shujaa akirusha teke: "Ya moto hiyoo, usiguse!" Kibanda kikalipuka kwa vicheko.

Sina haja ya kukueleza mwito huo. Watoto wanauita wakicheza mpira. Sauti Tele wameutia kwenye michezo ya simu, kwenye kengele za milango, kwenye pikipiki za umeme. Ndio ulionipa jina. Ukiutoa mwito huo, mimi ni mzee mwenye kikohozi.

"Umo mara mia nne na kumi na mbili," Rehani akasema taratibu. "Mia nne na kumi na mbili, mzee, na hujamtangulia hata mara moja. Huyu mama ni nani?"

Nilimjua. Nilimjua siku zote.

"Muuza mihogo," nikasema. "Alikuwa anauza mlangoni."

Rehani akavua miwani. "Sikiliza, mzee wangu. Kwenye sheria hii kazi haigawanyiki. Sauti yako na mwito vimesajiliwa kama kitu kimoja, na kitu kimoja kina mwenyewe mmoja. Ukiapa kwamba chimbuko ni wewe, naufuta usajili wao, koo linarudi kwako. Huyo mama hayupo hapa kupinga, na mimi siruhusiwi kumtafuta. Lakini hati ikishatoka, Sikio linaanza kazi saa hiyohiyo. Yeyote atakayeuita mwito ule atakatwa, pesa zije kwako."

"Hata yeye?"

"Bado anauza?"

Nikageukia uzi mwekundu ukutani.

"Na nikisema si wangu?"

"Faili linafungwa. Wao wanabaki na hati."

"Tunaomba mzee ajibu kwa maneno saba," kisanduku kikasema.

Nikakitazama. Nikatamani kukimeza, kiende kikakae kinapostahili. "Nipe mpaka Ijumaa, mwanangu," nikamwambia Rehani.

*

Kibanda kilishavunjwa, pale pana duka la kuchaji betri za pikipiki. Lakini karai lilikuwa palepale kwenye kona, na nyuma ya karai alikuwapo dada Mwajabu, kajifunga kanga kiunoni, mvi zimemjaa, mkono mmoja na koleo, mwingine na chumvi ya pilipili.

"Ya moto hiyoo, usiguse!"

Wanafunzi wawili wakakata kona bila hata kujadiliana. Huo mwito una kamba ndani yake.

"Shikamoo dada," nikasema, pua nimeibana.

"Marahaba. Zeno! Umemeza filimbi?"

Nikamweleza yote, kwa sauti ya paka: Sauti Tele, Chujio, uzi wake mwekundu, maneno ya Rehani. Akasikiliza huku akigeuza mihogo. Nilipofika kwenye ile mia nne na kumi na mbili akacheka mpaka akashika nyonga.

"Kumbe kuna mtu aliyehesabu! Mimi nilikuwa nasimama nje ya pazia, Zeno. Picha sioni. Nasikia tu ngoma inabadilika, watu wanaanza kusogeza viti, najua hapo sasa wamepandwa na joto, watataka kitu cha kutafuna. Naita. Halafu nakusikia wewe ndani unaita mihogo yangu kwenye maiki, na hakuna anayetoka kununua, wote wanacheka."

"Hukuniambia kitu."

"Ningekwambia lini? Ulikuwa unapita na miwani ya jua usiku."

Hapo ndipo nikatoa nilichokuja nacho. Nilikuwa nimekitafuna tangu Jumanne na kilikuwa kichungu hata kwangu. "Dada, nilikuwa naomba... akitokea mtu kukuuliza, useme wewe ndiye uliyenisikia mimi."

Koleo likasimama.

"Nilikusikia wewe wapi?"

"Kwenye maiki."

"Mwito wa mihogo. Uliuanzisha wewe. Wewe uliyekuwa unakopa mihogo."

"Dada Mwajabu, nielewe basi, mimi siwezi hata kuongea na mke wangu, naongea na mjukuu wangu kama panya, hawa watu wamenichukua mzima..." Nilikuwa nimesahau kubana pua. Ting, ting, ting, ting, mfuko mzima ukawa unaimba.

"Ongea upesi," akasema, "unaisha."

Nikabana pua. Akanitazama kwa muda, wala si kwa hasira. Hasira ningeimudu.

"Kwa hiyo Ijumaa ukisaini, mimi nikiita wateja wangu, simu yangu italia hivyo?"

"Nitakurudishia. Kila mwezi nitakurudishia."

"Utanirudishia sauti yangu kila mwezi." Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia bei. "Basi kasaini, Zeno. Watu wazima tumeshazoea. Mimi nitauza kimya. Ngoja nijaribu, uone kama inawezekana."

Akafunga mdomo. Akachukua koleo akagonga ukingo wa karai: ko, ko, ko. Mwanamke mwenye mtoto akapita. Vijana watatu wa pikipiki wakapita, wanabishana habari za mpira. Ko, ko, ko. Fundi mmoja aligeuka, akadhani kuna mtu anarekebisha kitu, akaendelea na safari yake. Mihogo ikaanza kupoa, mafuta yanaganda juu yake. Dada Mwajabu ananitazama mimi tu, na hasemi neno.

Nilisimama pale kadiri nilivyoweza. Si muda mrefu.

*

Ijumaa saa tatu asubuhi dada Mwajabu alikuja. Nilikuwa nimemtumia ujumbe aje ashuhudie. Kwa nini, sikumwandikia, kwa sababu hata mimi nilikuwa bado najibishana na nafsi yangu pale langoni mwa Idara. Alivaa kanga nyeusi.

"Umefiwa, dada?" nikamuuliza.

"Nimekuja kuzika mdomo wangu."

Rehani akatukalisha. Kisanduku kilikuwa kimeshafika, wao hawachelewi. "Mzee," Rehani akasema, "sema jina la mwenye chimbuko, kisha uweke kidole hapa."

"Swali moja kwanza. Sheria inataka mwenyewe mmoja?"

"Mmoja."

"Imesema lazima awe yule aliyeleta flashi?"

Akafungua kitabu. Akafunga. Akakifungua tena, safari hii ameketi vizuri. "Haijasema. Imesema yule ambaye Chujio limemsikia kwanza, na mleta madai akamtaja."

"Mheshimiwa, huu ni utani," kisanduku kikasema.

"Ngoja kwanza, mzee wangu." Rehani akanisogelea. "Uelewe unachotaka kufanya. Hati inatoka na mzigo mzima. Si mwito tu. Koo lako lote linakuwa chini yake. Bei ya kila neno lako ataipanga yeye. Akitaka anaweza kukunyamazisha kabisa, na hapa kwangu hakuna rufaa."

Nikamgeukia dada Mwajabu. Uso wake haukunipa kitu. Hakuna mtu Morogoro nzima aliyekuwa na sababu nzuri kama yeye ya kuninyamazisha.

"Fikiri, Zeno," kisanduku kikasema, kwa upole sasa, kwa ile sauti niliyokuwa nikiitumia kwenye filamu mama anapomuaga mwanawe. "Utakuwa mpangaji kwenye koo lako."

"Nimeshakuwa mpangaji wenu."

"Sisi tuna punguzo kwa wazee."

Hapo nikachoka. Nilichoshwa na sheria niliyoidai mwenyewe, na yule mbuzi tuliyemchinja, na kubana pua mpaka pua ikafanya alama. Nikachoka zaidi na uzi wangu wa njano ukutani, mnene, unaomfuata yule mwekundu mara mia nne na kumi na mbili bila hata kupiga hodi.

"Mwajabu binti Sefu," nikasema kwenye maiki ya Rehani. Miaka ishirini na mbili ni mingi mno kushika maiki bila kulitaja jina hilo. Nikaweka kidole.

Rehani akamsogezea dada Mwajabu kioo, naye akaweka cha kwake, kwanza amekifuta kwenye kanga. Kisha Rehani akawasha Sikio ili hati iingie.

"Tunapinga uamuzi huu kwa nguvu zetu zote na..." kikaanza kisanduku.

Ting!

Kikanyamaza. Nadhani kule kwao kuna mtu aliyeruka kutoka kwenye kiti.

"Bi Mwajabu," Rehani akasema, anajitahidi kutotabasamu, "unaweka bei gani kwa Sauti Tele?"

"Hao wasubiri. Waje Mafiga, wapange foleni, nitaongea nao nikimaliza kuuza."

"Na kwa mzee Mkude?"

Dada Mwajabu akanikazia macho. Nilikuwa nimefunga mdomo. Kwa mara ya kwanza maishani niliogopa kukohoa.

"Huyu ana filamu yangu," akasema. "Unaikumbuka, Zeno? Mwanamke anavuka nchi ya barafu, anamtafuta mwanawe aliyechukuliwa na jeshi. Nilikuwa nje ya pazia, naisikiliza tangu mwanzo, mpaka mihogo nimeisahau. Akafika kwenye nyumba. Ukasema, mkono wake uko mlangoni. Hapo mafuta yangu yakashika moto! Nikakimbilia mchanga. Ninarudi, filamu imekwisha, watu wanatoka wanalia, wanaume wazima, hakuna hata mmoja aliyenunua muhogo. Nimewauliza wengi, kila mtu ananieleza vingine. Nataka ule mwisho. Ndiyo bei yake. Akinipa, aongee bure mpaka afe."

Bei rahisi kuliko zote duniani, na mimi nikajikuta nimeinamisha kichwa.

Nikainua vidole, nikahesabu maneno ili yasizidi saba. "Dada, mwisho wa filamu ile siujui."

"Huujui vipi?"

Rehani akaelewa, akazima Sikio kwa muda.

"Diski iliganda," nikasema. "Mkono ulipofika mlangoni, picha ikasimama pale pale. Mlango haukufunguliwa, dada. Niliona watu wameshika mashavu, wanasubiri, nikashindwa kuwaambia warudi nyumbani. Nikaongea robo saa nikitazama mkono uliosimama. Waliyoyalilia yale niliyatunga. Hata wenye filamu hawayajui."

Kwenye robo saa ile uzi wa buluu haumo, nikawaza, wala mwekundu. Mwenye huo mwekundu alikuwa amekimbilia mchanga.

Dada Mwajabu akafungua fundo la kanga, akalifunga upya. "Kumbe," akasema. "Basi huo ndio wako. Nipe huohuo."

Akanyanyuka, akaburuta kiti chake kutoka ukutani hadi katikati ya chumba, mbele yangu kabisa, akakaa, mikono mapajani. Rehani akaiandika bei kwenye hati, akawasha Sikio. Nikaitoa simu mfukoni nikaiweka mezani, wote tuione.

"Mlango ukafunguka," nikasema, kwa sauti yangu, "na aliyesimama pale hakuwa mtoto tena."

Neno la nane likapita. Simu haikulia.

"Endelea," akasema dada Mwajabu. "Leo sina kitu motoni."